Ndani ya Boksi la Mninga

Msibani kwa Mzee Magesa, kule Buswelu, spika zilikuwa za kukodi, za plastiki nyeusi, zimesimamishwa nje ya turubai kwenye vyuma vya miguu mitatu. Zilipiga nyimbo za maombolezo kwa sauti safi isiyo na kosa. Mimi niliyekuwa nimefika na khanga mpya na uso niliouandaa tangu asubuhi, nikaona afadhali hivyo. Plastiki haina siri nyingi. Lakini nilipoingia ndani kuwapa pole wafiwa, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kona ya sebule. Pale lilikuwepo boksi la spika la mninga, refu la kufika kifuani, halina spika tena, tundu lake limezibwa kwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imewekwa picha ya marehemu. Ufa ulianzia juu kulia, ukateremka na mstari wa mbao mpaka karibu na chini, mpana wa kuingiza ukucha. Nikaketi mkekani pamoja na wanawake wengine, nikainamisha kichwa, na mama mmoja aliyekuwa karibu akanishika bega akaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Alidhani namlilia Magesa. Nilikuwa nautazama ule ufa, na nilikuwa naogopa mtu asije akaniuliza kama ninaufahamu.

Ninaufahamu kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwaka ulipotokea nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Mwanza ilikuwa imefunguliwa biashara kama mtu anavyofungua gunia, kila kitu kikamwagika kwa pamoja. Aliyekuwa na jamaa Dubai, au aliyejifanya anaye, alileta spika. Alileta zile sahani zake tu, karatasi na sumaku, bila boksi, maana boksi ni zito na linakula nafasi kwenye meli. Baa zikazaliwa kila kona, kumbi zikafunguliwa, na kwaya zilizokuwa zikiimba kwa ngoma na kayamba zikaanza kurekodi kaseti na kutaka vyombo. Masalu, aliyekuwa karani wa ghala la pamba na ambaye hajawahi kushika randa maishani, akawa wa kwanza kuona kwamba sahani zote zile zitahitaji nyumba. Akapanga vyumba viwili Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Chumba cha mbele kilikuwa cha kukata na kuunga. Cha nyuma kilikuwa stoo ya samaki zamani, na ndicho walichonipa mimi nipige msasa na kupaka vanishi. Kuta zake zilitoa jasho la mafuta kukiwa na joto. Nilikula humo, nilipumzika humo, na nikinusa vanishi leo bado nasikia sangara kwa mbali.

Magesa alikuwa fundi mkuu. Alitoka Majita, alikuwa ameunda mitumbwi ya mbao kwa miaka mingi kabla hajaja mjini, na ziwa alilileta nalo mle karakana. Hakuna ubao aliougusa kabla haujasimama ukutani miezi, akiugonga kila asubuhi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Masalu alichukia jambo hilo. Magesa alikuwa na jibu moja, na alilitoa bila kuinua macho: "Mbao ikishakatwa haijafa. Bado inakunywa." Alinieleza mara moja tu, kwa sababu hakuwa mtu wa kueleza mara mbili. Masika ubao hunywa unyevu ukanenepa, kiangazi huutoa ukasinyaa, na utaendelea hivyo miaka yote hata ukiwa meza, hata ukiwa mlango. Mtumbwi una bahati, upo majini, unanenepa na mianya inajifunga yenyewe. Boksi la spika linakaa ukumbini, juu bati, chini saruji, halina wa kulinywesha. Kwa hiyo lipakwe ndani na nje sawasawa, na ndani kwanza, kama mtumbwi unavyopakwa mafuta ya sangara ndani kabla ya nje. Ukipaka nje tu, nje imefungwa mdomo na ndani inazidi kupumua. Ndani itasinyaa peke yake, ubao utataka kujikunja, nao umebanwa skrubu na gundi pande zote nne. Hauna pa kwenda. "Basi utapasuka," alisema, "na watu watasema ni besi." Aliniambia hayo akinipa mgongo.

Sitamfanya malaika kwa vile amekufa. Magesa alikuwa mkatili, na ukatili wake ulikuwa wa kila siku, kama chai. Asubuhi kabla ya kazi mimi nilikuwa napita Mwaloni kuanika dagaa kwa ujira, kwa sababu ujira wa Masalu haukutosha kitu. Mafuta ya samaki na vanishi havipatani. Ukigusa ubao kwa kidole chenye mafuta, vanishi inakimbia pale inaacha vijishimo. Hilo ni kweli, hata mimi leo nawaambia wanaonifanyia kazi. Lakini angeweza kuniambia ninawe basi. Yeye alinisimamisha mlangoni kila asubuhi, mafundi wengine wamekaa kwenye magogo wanakunywa uji, akasema, "Lete mikono." Nikainyoosha. Akainama akainusa, taratibu, mkono wa kulia halafu wa kushoto, kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji. Halafu akageukia wenzake akasema, "Dagaa huyu bado mbichi," nao wakacheka mpaka uji ukawapalia. Kisha nikapelekwa nyuma kusugua mikono kwa mafuta ya taa na vumbi la mbao, nikarudi, ikanuswa tena. Ngozi ilichubuka. Nilipokula ugali mchana nilisikia mafuta ya taa kwenye kila tonge. Nilikuwa msichana mzuri wakati ule, nasema bila haya, na kijana mmoja wa pale karakana niliyekuwa nampenda aliacha kunisalimia kwa kunishika mkono.

Hata hivyo nilikuwa hodari, na Masalu aliliona hilo. Boksi likitoka mikononi mwangu ungeweza kujitazama usoni. Wateja walipitisha viganja juu yake kabla hawajauliza lina besi kiasi gani. Masika ya mwaka ule Masalu akaanza kusema atafungua karakana ya pili Nyegezi, jirani na stendi, na atahitaji mtu wa kuisimamia. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka kuolewa. Chumba chenye dirisha, mlango usionuka, na mimi ndiye ninayesema njoo au nenda. Mchana mmoja wa mvua nilikuwa nimechuchumaa nyuma nikipiga msasa kwa mkono, kimya, nao walikuwa chumba cha mbele wanakula viazi na samaki wa furu wa kukaanga. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mabanzi yenye mianya. Nikamsikia Masalu akisema, "Kwa Nyegezi, mimi namfikiria Vero." Nikaacha msasa.

Magesa alitafuna kwanza. Nilimsikia akitema mfupa.

"Vero yupi? Huyu wa dagaa?"

"Anapaka vizuri, Mzee. Wateja wanamsifia."

"Anapaka wanapoona. Huyo ni nje tu, Masalu. Ndani hakuna kitu. Mwaloni imemtupa, wewe ukamwokota, sasa unataka umpe nyumba?"

Masalu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kuendelea kula. "Basi tutaona," akasema, wakahamia habari ya bei ya gundi. Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Akutukanaye hakuchagulii tusi, hilo nilijua, na kama angenitukana usoni ningelia na kusahau. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa amekasirika. Alitoa maoni yake juu yangu kama anavyogonga ubao na kuuona haufai. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba siku ile sikukusudia lolote. Ni uongo. Nilikusudia palepale, kabla mvua haijakatika.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya kwaya moja ya mjini, maboksi mawili ya mninga kwa ajili ya uzinduzi wa kaseti yao utakaofanyika Agosti. Mbao zilikuwa nzuri lakini Masalu alizikimbiza, hazikusimama ukutani muda ambao Magesa aliutaka. Magesa alinung'unika, akaunga, na akaniambia kwamba kwa kuwa hazijatulia vizuri, ndani nipake mikono mitatu, vanishi juu ya vanishi mara tatu, nisipunguze hata mmoja, ndipo nifunge migongo. Siku ileile akaletewa habari kwamba kaka yake amefariki. Akavaa koti, akaenda Majita kuzika. Alikuwa huko siku tatu. Katika siku hizo tatu nilipaka yale maboksi nje mikono sita. Sijawahi kupaka vile tena. Mninga uling'aa mpaka ukaonekana kama umelowa, na mstari wa mbao ukaonekana kila uzi. Ndani sikugusa hata kwa brashi kavu. Nakumbuka nilipiga magoti nikachungulia, ubao umekaa mweupe na vumbi lake, na harufu yake tamu, nikauonea raha. Kisha nikafunga migongo kwa skrubu, nikaziba vichwa vya skrubu kwa nta, nikapaka juu yake. Mtu alikuwa anamfukia ndugu yake, nami nilikuwa nafunga skrubu.

Alirudi asubuhi ya siku ya kupeleka mzigo, macho mekundu, vumbi la safari kwenye nywele. Akayazunguka maboksi. Akapitisha kiganja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuniambia neno jema, maana alisema, "Safi." Halafu akaniuliza, "Ndani umepaka mitatu?" Nikasema, "Mitatu, Mzee." Hakunifungulisha. Mikono yangu aliinusa kila siku ya Mungu, lakini siku ile ya kufungua hakufungua. Nimejiuliza sana kwa nini. Labda alikuwa amechoka kwa msiba, na labda, Mungu anisamehe, aliniamini kwenye kazi hata kama hakuniheshimu.

Kwao Majita, alivyokuwa akisimulia, fundi wa mtumbwi hupanda wa kwanza chombo alichokiunda, na kabla ya kukisukuma majini husema mbele ya mwenye chombo kwamba kikizama ni chake yeye, si cha aliyechonga kasia wala aliyepiga misumari. Desturi hiyo hakuiacha mjini. Kila tulipopeleka boksi alisubiri lifungwe nyaya, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa mbao wakati wimbo wa kwanza unapigwa, kisha akawaambia wateja, "Likipasuka, ni langu." Watu walimwona mshamba wa ziwani, wakatabasamu. Siku ile uani kwa ile kwaya alifanya hivyohivyo. Aliweka sikio, akafumba macho, akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Mwenyekiti wa kwaya, baba mmoja mnene wa tai fupi, alikuwepo, Masalu alikuwepo, nami nilikuwepo nimeshika kitambaa cha kufutia. "Likipasuka, ni langu," Magesa akasema. Nikapitisha kitambaa changu juu ya mninga.

Mvua zikaisha. Juni ikaja na upepo, Julai na ukavu, nyasi za milimani zikawa rangi ya mkeka. Nilihesabu kwa macho tu. Agosti, Jumapili ya uzinduzi, ua ulijaa viti, mgeni rasmi yupo, watoto wamevaa soksi nyeupe. Wimbo wa kwanza ulipopanda, boksi la kulia likaanza kukoroma. Halikuwa kosa la waimbaji wala la kaseti. Ni ule mkwaruzo wa mbao mbili zinazogusana kwenye ufa kila besi inapopiga, kama nzi mkubwa ndani ya bati. Watu wakaanza kugeuka. Watoto wakaanza kuiga. Mgeni rasmi akatazama saa yake. Mwenyekiti akazima vyombo, akasimama mbele ya boksi, na wote tukauona ufa umeshuka ubavuni, vanishi yangu imepasuka juu yake safi kama kioo. Masalu alikuwa amevaa suti. Akamwita Magesa kwa kidole kutoka viti vya nyuma.

"Mzee, hii nini?"

Magesa akaangalia kidogo tu. "Fungueni mgongo," akasema.

Akaletewa bisibisi, akakwangua nta yangu, akafungua mwenyewe, skrubu moja moja, watu wote wanangoja. Mgongo ukatoka. Ndani palikuwa peupe kama siku ubao ulipokatwa. Magesa akaingiza mkono, akapapasa, akautoa ukiwa na vumbi. Akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Vero," alisema, "nilikuambia nini?"

Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Ningesema kweli, ningefukuzwa, na Magesa angebaki fundi. Nilimtazama Masalu, nikaiona Nyegezi na dirisha lake. "Uliniambia nipake nje tu, Mzee," nikasema. "Ulisema ndani haoni mtu, vanishi isiishe."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige, kusema kweli, ningekuwa nimeshinda kabisa. Akasimama na vumbi lake mkononi, na mwenyekiti wa kwaya akanisaidia kummaliza. "Si wewe ulisema likipasuka ni lako?" Magesa akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, kama mtu aliyekumbushwa kitu. "Nilisema," akajibu. "Ni langu."

"Basi libebe," Masalu akamwambia. "Usilete mkosi hapa." Mwenyekiti akasema kabla halijabebwa fundi asikilize kazi yake kwanza, kama alivyozoea, na vijana wa vyombo wakawasha. Wakamtaka aweke sikio. Akaweka. Wimbo ulipigwa, boksi lililofunguliwa mgongo likakoroma, na mzee mwenye mvi akainama sikio kwenye ubavu wake mbele ya watu mia na zaidi, mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kuacha wimbo katikati. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nasema hili kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Kisha akang'oa spika, akamkabidhi mwenyekiti, akaurudishia mgongo mahali pake, akajitwika boksi kichwani, akatoka getini kuelekea Mabatini alikokuwa amepanga. Watoto walimfuata hadi barabarani wakimwambia, "Mzee, tupigie wimbo."

Nyegezi nilipewa kabla mwaka haujaisha. Magesa hakupata tena kazi ya maboksi, jina lake lilishaharibika mji mzima, na mafundi wa Kirumba wakauita ufa wowote "Magesa." Akaishia Mwaloni, akipigilia masanduku ya kubebea samaki, mbao za mabanzi, kazi isiyo na randa wala msasa. Ningeweza kuishia hapa na mngenionea huruma kidogo kama mtu aliyekosea mara moja. Lakini Desemba ile nilipita Mwaloni kuwasalimia wanawake niliokuwa nikianika nao dagaa. Nilivaa viatu vya kisigino. Nikamkuta amekaa chini kwenye magamba, nyundo mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba," bila chuki. Wapigilia masanduku wenzake walikuwa wamekaa pembeni wanakunywa uji. Nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mzee, lete mikono." Alinitazama. Halafu aliweka nyundo chini, akainyoosha. Nikainama, nikainusa, wa kulia halafu wa kushoto. Nikasema, "Bado mbichi." Wenzake hawakuelewa, lakini walicheka, kwa sababu watu hucheka.

Tangu siku hiyo sikumwona tena uso kwa uso. Nimekuwa na karakana yangu mwenyewe, nimetengeneza makabati na milango ya nusu ya watu wazito wa mji huu, na kila ninayemwajiri namwambia jambo moja siku ya kwanza: paka ndani kwanza. Wananisifu kwa hilo. Wateja wamenisikia nikieleza jinsi ubao unavyokunywa na kupumua, wakaniuliza nimesomea wapi. Nimetafuta visingizio pia, si kwamba sikutafuta. Mbao hazikukauka, nilijiambia. Masalu alikimbiza kazi. Ukumbi wa kwaya walimoyaweka ulikuwa na bati. Yote ni kweli, na boksi la kushoto, lililotoka kwenye mbao zilezile na brashi ileile, halikupasuka mwaka ule. Lakini besi haipasui ubao mzima. Hutafuta tu ulipokwisha kuchoka.

Msibani, watu walipotoka nje kungoja chakula, nilibaki. Binti wa marehemu, Nyangeta, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuja kunyanyua picha ili afute vumbi. Akaniona nimelitazama boksi. "Baba alilipenda hili," akasema. "Njoo uone, mama." Akaligeuza. Mgongo ulikuwa umeondolewa, na ndani wamepanga blanketi. Akazitoa. Sijui niseme nini juu ya nilichokiona. Ndani palikuwa pamepakwa, si mikono mitatu wala sita, pamepakwa miaka na miaka, mpaka mninga ulikuwa mweusi na mwekundu na wenye kina, kiasi kwamba niliiona khanga yangu humo. Ufa tu ndio ulioachwa vilevile, haukuzibwa.

"Kila kiangazi alinunua kopo dogo la vanishi," Nyangeta akasema. "Mama alikuwa anamgombeza, unapaka nini mahali asipoona mtu? Akasema anamalizia kazi ya mtu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote palepale, nikiwa nimesimama, vanishi, Majita, uongo wangu, Mwaloni. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Nilitaka alie, au anifukuze, au aniambie yameisha. Alikuwa anakunja blanketi huku akisikiliza, akazipanga tena ndani moja moja.

"Tunajua, mama," akasema. "Tumelijua tangu utoto. Baba alisema ukija tukupe chakula kwanza."

Akanitoa nje, akanikalisha kwenye kiti cha mbele kama mgeni mkubwa, mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa kwa safu chini ya turubai. Sahani ikaletwa, wali na nyama. Yeye mwenyewe akaja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni la kunawia, akapiga goti moja mbele yangu kama binti aliyelelewa vizuri anavyofanya kwa mkubwa wake. Hapakuwa na kitu usoni mwake.

"Lete mikono," akasema.

Nikainyoosha.